Kitabu cha falsafa, kwa pesa za mwenyewe

Mapema mwaka 1885, kiwanda cha uchapaji cha C. G. Naumann mjini Leipzig, Ujerumani, kilipokea kazi ndogo kutoka kwa profesa mstaafu wa miaka 40. Macho yake yalikuwa mabovu, kichwa kikimuuma siku nenda siku rudi, na makazi yake yalikuwa vyumba vya kupanga, leo Uswisi, kesho Italia au kusini mwa Ufaransa. Alikuwa na mswada wa sehemu ya nne ya kitabu chake na alitaka uchapwe nakala 40 hivi. Hakutaka hata moja iende dukani. Bili aletewe yeye.

Mteja huyo ni Friedrich Nietzsche, na kitabu ni Also sprach Zarathustra, ambacho leo hata asiyewahi kusoma ukurasa mmoja wa falsafa ameshakisikia. Wakati ule hapakuwa na mchapishaji aliyekuwa tayari kuhatarisha pesa zake kwa ajili ya sehemu hiyo ya nne. Nietzsche aliilipia mwenyewe, akazigawa nakala chache kwa watu waliohesabika kwa vidole, na zilizobaki akakaa nazo. Mwishoni mwa 1888 aliandika kwamba hata hizo alizogawa angependa zirudishwe.

Kisa chake kinafaa kusimuliwa taratibu, kwa sababu kila mtu anayeandika falsafa kwa mapenzi na kujichapishia hupita njia ile ile.

Mchapishaji wake wa awali alikuwa Ernst Schmeitzner wa Chemnitz. Vitabu havikuuzika, na Schmeitzner mwenyewe alizidi kuzama katika siasa za chuki dhidi ya Wayahudi, siasa ambazo Nietzsche alizichukia. Mwaka 1883 sehemu ya kwanza ya Zarathustra ilikwama kiwandani kwa sababu mitambo ilikuwa na shughuli nyingine: nyimbo za kanisa, nakala 500,000, zilizotakiwa kuwa tayari kabla ya Pasaka. Kitabu cha mtu aliyetangaza kifo cha Mungu kikapanga foleni nyuma ya nyimbo za kumsifu Mungu. Hata mwandishi wa riwaya angeona aibu kidogo kubuni jambo kama hilo.

Uhusiano na Schmeitzner ulipofikia kudaiana pesa na kutishiana mahakama, Nietzsche alibisha hodi kwa wachapishaji wengine. Hakufunguliwa. Mwaka 1886, alipokuwa na mswada mpya mkononi, Jenseits von Gut und Böse, alirudi kwa Naumann na mpango ulio wazi: mimi nalipia karatasi, uchapaji na kujalidi, wewe unaweka jina lako na kusambaza kwa kamisheni. Zikachapwa nakala 600. Kwa hesabu zake, zikiuzwa 300 pesa yake ingerudi. Baada ya karibu mwaka mzima alipewa taarifa ya mauzo: nakala 114.

Hapo ndipo wengi wetu tungefunga daftari. Lakini katika taarifa hiyo kulikuwa na namba nyingine: nakala 66 zilikuwa zimetolewa bure kwa magazeti na majarida. Zaidi ya nusu ya idadi iliyouzwa! Mfanyabiashara angeiita hiyo hasara. Mojawapo ilifika gazeti la Der Bund la Bern, Uswisi, na mhariri wake, Joseph Viktor Widmann, akaandika mapitio mwezi Septemba 1886 akikiita kitabu hicho cha hatari. Alikilinganisha na shehena za dinamiti zilizotumika kujenga reli ya Gotthard, ambazo zilisafirishwa chini ya bendera nyeusi ili watu wakae mbali. Nietzsche alifurahi kupita kiasi, akawa anainakili sehemu hiyo katika barua kwa marafiki.

Nakala nyingine, mwandishi aliagiza ipelekwe Copenhagen kwa Georg Brandes, mhakiki mashuhuri kuliko wote Skandinavia wakati huo. Brandes hakujibu. Mwaka uliofuata Nietzsche akatoa kitabu kingine, Zur Genealogie der Moral, nacho kwa pesa zake, na nacho akakipeleka Copenhagen. Novemba 1887 jibu likaja. Na katika miezi ya Aprili na Mei 1888 Brandes akatoa mfululizo wa mihadhara juu ya falsafa ya Nietzsche, ukumbi ukajaa watu zaidi ya 300. Hii ndiyo mara ya kwanza falsafa hiyo kusimamishwa mbele ya umma, na ilitokana na vitabu viwili vilivyofungwa kwenye karatasi na kutiwa posta. Miezi michache baadaye, Januari 1889, akili za Nietzsche zilivurugika mjini Turin, na hakuandika tena.

Nasisitiza kuhusu posta kwa sababu watu wakizungumza habari za kujichapishia kitabu huzungumza sana juu ya kiwanda. Kiwanda ni sehemu rahisi. Ukiwa na pesa, mashine haiulizi kama hoja zako zina mantiki. Kazi ngumu huanza siku maboksi yanapoletwa nyumbani: nani apewe, kwa nini yeye, na ataambiwa nini katika barua ya kusindikiza. Nietzsche hakuwa na mauzo, lakini alikuwa na orodha nzuri ya majina. Kwa kitabu cha falsafa, naona orodha hiyo ina thamani kuliko duka zima.

Pia alikuwa na Köselitz. Huyu alikuwa mwanamuziki, Heinrich Köselitz, aliyekuwa akiishi Venice na ambaye Nietzsche alimpa jina la Peter Gast. Kila karatasi ya majaribio ilipotoka Leipzig, nakala moja ilikwenda kwa mwandishi na nyingine kwa Köselitz. Nietzsche aliikaribia karatasi hadi pua iguse wino, macho yakitoa machozi. Köselitz kwa upande wake aliwinda nukta, herufi zilizoruka, maneno yaliyorudiwa. Halafu masahihisho yakarudi kiwandani kwa treni kuvuka Alpi. Miaka kadhaa ya kazi hiyo, kwa hisani tu. Jina lake halikuwekwa jaladani, ila bila yeye sehemu kubwa ya vitabu hivyo ingetoka na makosa ya kuchekesha.

Na pesa zilitoka wapi? Nietzsche aliacha ualimu wa Chuo Kikuu cha Basel mwaka 1879 kwa ugonjwa, na tangu hapo alipokea pensheni ya faranga 3,000 kwa mwaka. Si utajiri, ila ilimsaidia kula, kupanga chumba na kulipa bili za Naumann. Ukichunguza wanafalsafa waliojichapishia, karibu kila mmoja utamkuta na chungu kingine jikoni. Hili lisemwe wazi, maana hadithi za kujitolea kwa ajili ya fikra husimuliwa mara nyingi kana kwamba mtu anaweza kula aya.

Chukua Søren Kierkegaard, Mdenmark. Baba yake, mfanyabiashara aliyetajirika, alifariki mwaka 1838 na kumwachia urithi mnono. Februari 1843 Kierkegaard alitoa Enten – Eller, juzuu mbili zenye kurasa zaidi ya 800, nakala 525, uchapaji kaulipia yeye, muuza vitabu akipata kamisheni tu. Hata jina lake halikuwemo: mhariri alikuwa mtu wa kubuni, Victor Eremita. Kitabu kilikwisha dukani. Lakini Philosophiske Smuler cha mwaka uliofuata, nakala 525 vilevile, kiliuza 229 katika miaka mitatu.

Kierkegaard alipoanguka barabarani Copenhagen mwaka 1855 na kufariki wiki chache baadaye, urithi ulikuwa umekwisha. Watu wakasema falsafa imemfilisi. Ni hadithi tamu, na mimi ningependa iwe kweli. Watafiti wa Denmark waliokuja kupekua mahesabu yake katika karne ya 20 walikuta kwamba vitabu, kwa jumla, vilimletea faida ndogo. Pesa za baba zilikwenda kwenye nyumba nzuri za kupanga, mapochopocho, mtumishi na magari ya farasi ya kwenda kutembea mashambani. Falsafa ilijilipia; mwanafalsafa ndiye aliyekuwa na matumizi makubwa.

Kwa Henry David Thoreau wa Marekani hapakuwa na urithi. Kitabu chake cha kwanza, A Week on the Concord and Merrimack Rivers, safari ya mtoni iliyojaa tafakuri juu ya urafiki, dini na wakati, kilitoka mwaka 1849 kwa masharti kwamba gharama ni zake. Zilichapwa nakala 1,000. Mwaka 1853 mchapishaji alichoka kutunza mzigo akamrudishia nakala 706. Thoreau alizipandisha darini kwa mgongo wake mwenyewe, kisha akatania katika shajara yake kuhusu maktaba kubwa aliyonayo, ambayo sehemu kubwa kaiandika yeye. Deni alilimaliza kwa kupima mashamba ya watu na kutengeneza penseli katika kiwanda kidogo cha familia.

Yuko aliyekataa katakata kuingia njia hii, na hoja yake si ya kupuuzwa. Ludwig Wittgenstein alimaliza mswada wa Tractatus akiwa askari wa Austria katika Vita ya Kwanza ya Dunia. Mwaka 1919 aliuhangaikia mjini Vienna. Mchapishaji mmoja, Braumüller, alikuwa tayari kuutoa ikiwa mwandishi atalipia karatasi na uchapaji. Wittgenstein, mtoto wa mmoja wa matajiri wakubwa wa dola ile, alikuwa ndiyo kwanza amegawa urithi wake wote kwa ndugu zake. Lakini alisema wazi kwamba tatizo si pesa, angeweza kuzipata. Aliona si adabu kuulazimisha ulimwengu upokee kitabu kwa namna hiyo. Kuandika kulikuwa juu yake. Kukipokea kitabu kwa njia ya kawaida kulikuwa juu ya ulimwengu. Kilitoka mwaka 1921 katika jarida la Kijerumani, na mwaka 1922 kama kitabu London, kikiwa na utangulizi wa mwanafalsafa Bertrand Russell, utangulizi ambao Wittgenstein hakuupenda.

Naielewa heshima iliyomo katika msimamo huo. Ila ulikuwa msimamo wa mtu mwenye rafiki aitwaye Russell. Asiye na Russell akisubiri ulimwengu ubishe hodi, atakufa na mswada mvunguni mwa kitanda.

Huku kwetu mlango wa kawaida ni mwembamba zaidi. Kampuni nyingi za uchapishaji Dar es Salaam na Nairobi zimejengwa juu ya vitabu vya shule. Hivyo ndivyo vinavyolipa mishahara na kodi ya pango. Ukipeleka mswada wa falsafa kwa Kiswahili, swali la kwanza litakuwa kama unaingia kwenye mtaala. Hauingii. Basi mazungumzo yamekwisha, na hakuna haja ya kumlaumu mtu: mhariri naye ana watoto wa kusomesha.

Tusisahau pia kwamba fikra nzito za Waswahili zilizoea kusafiri bila mchapishaji. Al-Inkishafi, utenzi wa Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir unaotafakari mauti na kuanguka kwa fahari ya Pate, ulipita mikononi mwa wanakili wa pwani muda mrefu kabla haujaonja wino wa kiwanda. Mtu aliyeutaka aliandikiwa nakala yake. Idadi ya nakala ilikuwa idadi ya wasomaji, hakuna boksi lililobaki.

Shaaban Robert aliishi kwenye mpaka wa dunia hizo mbili. Kwa miaka mingi alikuwa karani wa serikali ya kikoloni, kwanza katika forodha, na usiku akiandika. Kusadikika, kilichotolewa na Nelson mwaka 1951, ni kitabu cha falsafa kilichovaa kanzu ya hadithi: Karama anashitakiwa kwa kosa la kufundisha elimu ya sheria, naye anajitetea kwa kuwasimulia waliokaa kumhukumu habari za wajumbe waliotumwa nchi za mbali, wakarudi na mawazo mema, wakaishia kifungoni. Ukikisoma leo utakuta kinauliza maswali yale yale ya haki ambayo Plato aliyauliza kupitia kesi ya Socrates. Lakini mswada wa mtu huyu wa Tanga ulilazimika kupata ridhaa ya ofisi za mbali. Kufikirika kilitoka mwaka 1967, miaka mitano baada ya yeye kufariki. Utubora Mkulima mwaka 1968. Baadhi ya vitabu vyake vya mwishoni mwa miaka ya 1950, kama Insha na Mashairi na Masomo yenye Adili, vilitoka Tanga kwa jina la mchapishaji Art and Literature. Mimi naliona jina hilo dogo chini ya ukurasa kuwa mojawapo ya mambo ya kijasiri katika maisha yake. Mtu wa miaka 50, afya si nzuri, analeta vitabu vyake kwenye mji wake.

Leo mambo ni mepesi kwa upande wa kiwanda. Namba ya ISBN kwa Tanzania hutolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba, na kwa Kenya na Huduma ya Maktaba ya Taifa. Kijana wa kupanga kurasa yupo, wa kubuni jalada yupo. Unapofika kwa mchapaji, Kariakoo au River Road, ndipo ujihadhari na sentensi moja, ambayo husemwa kwa nia njema kabisa: "Mwalimu, piga elfu moja, bei itashuka."

Itashuka kweli. Uchapaji wa ofseti unaanza na sahani za metali zinazotengenezwa kwa ajili ya kila seti ya kurasa, na mashine kupangwa rangi na shinikizo, karatasi kadhaa zikiharibika kabla ya nakala ya kwanza iliyo sawa. Gharama hiyo ni ile ile uchape 100 au 1,000, kwa hiyo ukiigawa kwa nakala nyingi kila moja inaonekana nafuu. Mashine ya dijitali haina sahani: nakala ya 1 na ya 200 zina bei moja. Mwandishi aliyejawa na mapenzi na kitabu chake hutazama bei ya nakala moja, akasahau kutazama jumla, akasahau zaidi kujiuliza ana wasomaji wangapi anaoweza kuwataja kwa majina. Miezi sita baadaye maboksi yako chini ya kitanda cha wageni, unyevu wa masika umeingia, gundi ya mgongo imeachia, na mchwa wameanza na utangulizi. Nakala 100 za dijitali zenye bei ya juu kidogo zingemwacha na pesa ya posta, ya nauli ya kwenda Morogoro na Dodoma kukutana na walimu, na ya kumlipa mhariri.

Mhariri ndiye anayekatwa kwanza kwenye bajeti. Hapo ndipo kitabu cha kujichapishia hujulikana hata kwa macho yaliyofumbwa: hoja inayorudiwa sura tatu, mpinzani aliyetungwa dhaifu ili ashindwe upesi, sentensi ambayo mwandishi peke yake anaielewa kwa sababu anakumbuka alikuwa wapi alipoiandika. Riwaya inaweza kusamehewa mengi ya namna hiyo. Hoja ya falsafa yenye ufa haisimami, na kuuona ufa wako mwenyewe ni kazi ngumu mno. Inahitaji jicho la mtu mwingine, tena mapema, kabla mashine haijaanza kuzunguka.

Gottlob Frege aliujua ufa wake mashine ikiwa tayari inazunguka. Alikuwa profesa wa hisabati Jena, Ujerumani, na kwa miaka alijenga hoja kwamba hesabu yote ya namba inatokana na mantiki tupu. Kwa ajili hiyo alibuni maandishi yake mwenyewe, mistari inayoshuka na kutoa matawi ukurasani, ambayo wapanga chapa waliyaonea tabu na wasomaji waliyakimbia. Juzuu ya kwanza ya Grundgesetze der Arithmetik ilitoka mwaka 1893. Mchapishaji alikuwa amesema juzuu ya pili itategemea mapokezi ya kwanza, na mapokezi yakawa baridi. Miaka ikapita. Mwishowe Frege alitoa pesa zake mfukoni na kulipia juzuu ya pili.

Ilipokuwa kiwandani, akapokea barua ya tarehe 16 Juni 1902 kutoka Uingereza. Mwandishi alikuwa kijana asiyemfahamu, Bertrand Russell. Barua ilijaa sifa. Alikuwa ameisoma juzuu ya kwanza kwa makini sana. Kisha akasema pana mahali pamoja tu alipokutana na ugumu. Fikiria kundi la makundi yote yasiyokuwemo ndani yao yenyewe. Je, lenyewe limo ndani yake? Ukisema limo, basi halimo. Ukisema halimo, basi limo. Na kanuni za Frege zilimruhusu mtu kuunda kundi la namna hiyo.

Frege alimjibu tarehe 22 Juni, ndani ya wiki moja. Alikiri kwamba mshtuko umemfika, na kwamba msingi wa jengo lake umetikisika. Angeweza kukirudisha kitabu nyumbani. Pesa zilikuwa zake. Alikiacha kiendelee, ila mwishoni aliongeza maneno ya baadaye, ya Oktoba 1902, akieleza kinagaubaga kasoro aliyoonyeshwa, nani kamwonyesha, na marekebisho anayojaribu kuyafanya. Marekebisho hayo nayo hayakufua dafu. Yeyote aliyenunua juzuu ya pili mwaka 1903 alinunua pamoja nayo habari ya kuvunjika kwake.

Mwaka huo huo wa 1903 Russell naye alitoa The Principles of Mathematics. Mwishoni aliweka kiambatisho kirefu kinachoeleza falsafa ya Frege hatua kwa hatua, na humo ndimo wasomaji wengi wa Kiingereza walipolisikia kwa mara ya kwanza jina la profesa wa Jena.